Mwalimu Aliyelisimamisha Jeneza

Nianze na lile ambalo watu wa Kasulu huanza nalo kila anapotajwa, tulimalize. Mwalimu wetu wa kwaya alisimamisha mazishi ya mke wake mwenyewe. Jeneza lilikuwa tayari linaning'inia kwenye kamba, vijana wamekaza mikono, paroko ameshika maji ya baraka, sisi kwaya tunaimba. Wanaume wa sauti ya tena wakaanza kushuka sauti. Walishuka kidogo kidogo kama kawaida yao, wakatuvuta na sisi, na tulipofika ubeti wa pili wimbo mzima ulikuwa umekaa chini kuliko ulipoanzia. Mwalimu alikuwa amesimama na wafiwa, kofia mkononi. Akainua mkono.

"Simameni," alisema. "Mmeshuka."

Tukanyamaza. Akatoa mfukoni kile chuma chake cha kupimia sauti, chenye meno mawili, akakigonga kwenye goti, akakiweka sikioni, akatupa sauti upya. Jeneza bado liko hewani na mikono ya vijana inatetemeka. Tukarudia kutoka mwanzo, na safari hii tuliimba vizuri, nasema kweli, sijawahi kusikia kwaya yetu ikiimba vile. Lakini nani alikuwa na habari na uzuri? Shemeji yake wa Muyama, kaka wa marehemu, alimwambia mbele za watu, "Umemchelewesha dada yangu." Mwalimu akamjibu, "Nisingeweza kumzika na wimbo mbovu." Basi. Hayo maneno mawili yaliharibu undugu wa miaka mingi.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Tangu hapo hakukanyaga tena makaburini. Kwaya ikiitwa msibani, anatupa sauti ukumbini, anatuhesabia mpigo, halafu anachukua baiskeli yake anakwenda kupogoa kahawa. Watu walimsema sana. Kwetu huku mtu asiyezika wenzake anajulikana atazikwaje, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Nilimuuliza siku moja, maana mimi mdomo wangu hauna kizuizi. Akaniambia, "Fundi, nikienda nitawasimamisha tena. Bora nisiende."

Aliniita Fundi kwa sababu nashona. Kibanda changu kiko karibu na soko, na yeye alikuwa akipita pale kila asubuhi ya baridi, shingo ameizungushia skafu ya marehemu mkewe. Husalimii ukapita kwake. Unamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," anakuitikia, halafu anasimama. Anasikiliza cherehani. "Hiyo mashine yako iko juu kidogo ya nota la," anasema. Mimi ninamwambia iko juu kidogo ya uwezo wangu wa kuitengeneza, anatikisa kichwa, anaondoka. Hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, Kibondo kwanza kisha hapa, na ualimu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mwendo. Hata akinunua dagaa anamsahihisha muuzaji.

Kusifia ndiyo kabisa hakujua. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "si vibaya", na hiyo mimi niliipata mara moja tu, nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa kuku. Mwimbaji akikosea, anamtazama tu. Ukikosea tena, anakwambia, "Mama, nenda ukapumzike," na hiyo maana yake usirudi hadi umejifunza. Wengi hawakurudi. Wakati ule tulikuwa na vikundi vya jirani vinaimba na vinanda, vinarekodi, vinashona sare mpya kila Pasaka, na mimi fundi nilikuwa nafaidika, sikatai. Yeye kinanda alikiita redio. "Zimeni hiyo redio," anasema, "tusikie kama mna sauti."

Sasa nikuambie alichokitaka, maana bila hicho humwelewi. Alikuwa na Misa ya Wafu ya Kilatini, ya mtunzi wa Ulaya aliyekufa zamani sana. Aliipata kwa padre mmoja mzungu aliyekuwa Kibondo, akainakili yote kwa mkono wake katika do-re-mi, sauti zote nne. Alikuwa ameifundisha kwa vipande miaka nenda rudi. Kipande hiki kwenye Kwaresima, kile mwezi wa wafu, kingine kinafundishwa kinasahauliwa. Hakuna siku aliyoisikia nzima. Kila tukikaribia, anakufa mtu. Unajua msiba ukiingia kwetu hakuna mazoezi, hakuna shamba, hakuna duka. Kwaya inaondoka na mikeka inakwenda kulala matangani, na tukirudi tumesahau nusu. Kwa hiyo wafu wenyewe ndio waliokuwa wakiikatiza misa yao.

Na masikio yake yalikuwa yanafunga. Nadhani mimi ndiye niliyegundua kwanza, kwa sababu sisi waimbaji wa alto tulikuwa karibu naye. Alianza kutusogelea. Kile chuma akawa hakiweki tena sikioni. Anakigonga gotini halafu anakishika kwa meno, asikie kwa mfupa. Siku moja baada ya mazoezi nilibaki nyuma nikamwambia, "Mwalimu, husikii." Nilidhani atanifukuza. Akaketi kwenye benchi, akasema taratibu, "Ego, ni kweli. Nasikia nusu. Nataka niisikie hii misa nzima mara moja, kabla hiyo nusu haijakwenda. Usiwaambie." Sikuwaambia. Nilitoka pale machozi yananitoka barabarani, watu wanadhani nimepigwa.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la tamasha. Misa ya Wafu nzima kwanza, halafu nyimbo za watunzi vijana. Nilimuuliza kwa nini achanganye. Akasema, "Hawa watoto wanatunga kama yatima. Waimbiwe baada ya mzee, wajue wana mzee." Alipanda basi mpaka Kibondo kumtafuta kijana mmoja anaitwa Nestori, mtoto wa familia iliyokuja kutoka Burundi zamani na sasa wana uraia, kijana mpole mwenye kinanda chake, anapiga utadhani ana mikono mitatu. Mwalimu alimdharau na akamchukua. Akamfundisha kusoma nota kwa ukali ambao kijana mwingine angekimbia, na Nestori hakukimbia.

Wa pili alitoka kambini Nyarugusu, na huyo alikuwa mwanamke. Furaha, Mkongo, binti wa kama miaka ishirini na kitu, anaongoza kwaya ya kambini yenye besi ambazo zikiimba benchi linatetemeka chini yako. Sasa msikilize Mwalimu alivyokuwa. Miaka yote alisema mbele yetu wanawake, bila haya, "Mwanamke anatunga mimba, wimbo anatunga mwanaume." Furaha akaleta karatasi yake. Wimbo wa mama aliyebaki njiani siku walipokimbia, na watoto wanaendelea kumhesabu kila wakipumzika. Mwalimu aliusoma amesimama. Akauliza, "Kwa nini besi wanaingia kabla ya wenzao hapa?"

"Juu iko vile, Mwalimu," Furaha akasema, kwa Kiswahili cha Kongo ambacho juu ni kwa sababu. "Wababa ndio walianza kujua mama hayuko. Sisi watoto tulijua nyuma."

Mwalimu akafungua kalamu. Sisi tukajua sasa anakata. Akaandika juu ya karatasi, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: Imbeni hivi hivi. Akaupanga uwe wa mwisho kabisa kwenye tamasha, mahali pa heshima, na wale besi wa kambini akawaomba watuimbie na Misa pia, maana sisi besi wa kutosha hatukuwa nao. Lakini kumwambia binti neno moja zuri kwa mdomo, thubutu. Alimrudishia karatasi, akamwambia aandike herufi kubwa zaidi. Furaha alirudi kambini hajui kama amepita au ameanguka, na mimi nilikasirika sana. Nilimwambia, "Mwalimu, una roho ya jiwe." Hakusikia, au alisikia.

Ugumu ulikuwa kwa kwaya yetu. Mwezi wa wafu, Novemba ya mwaka 2014, ulitupita katikati ya misiba, akasogeza tamasha hadi baada ya Pasaka. Na kuimba Misa ya Wafu baada ya Pasaka, hakuna maiti, ni jambo zito kwetu. Hata jirani yangu sokoni, Bi Zainabu mwenye duka la vitenge, ambaye kanisani hajawahi kuingia, aliniuliza, "Nyie mnaimba kilio kila jioni, nani kafa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi mnamwita." Wiki ileile mwimbaji wetu mmoja wa tena akaanguka na pikipiki akavunjika mguu, na watu wakaunganisha. Mazoezini wakaanza kupungua. Mwenyekiti wetu, Mama Tereza, mwanamke wa heshima na mwoga kama kifaranga, akasimama akasema, "Mwalimu, msiba hauimbiwi kabla haujafika. Tuambie marehemu ni nani."

"Marehemu ni wote," Mwalimu akasema.

"Wote ni akina nani? Wote ni sisi."

Watu wakaguna. Mwalimu aliwatazama muda mrefu, nadhani alikuwa anasoma midomo. Halafu akasema, "Kama lazima awe na jina, niandikeni mimi."

Alidhani amewamaliza. Na kweli mle ukumbini ilifaa. Kila mtu alipumua, msiba umepata mwenyewe, tena mwenyewe yuko hai na ameridhia. Mama Tereza akaandika tangazo akalipeleka vigangoni: Misa ya Wafu kwa ajili ya Mwalimu wa kwaya, watu wote mnakaribishwa. Sasa wewe niambie, tangazo la namna hiyo likisomwa Muyama mwisho wa misa, na katekista ambaye hajui habari za matamasha, watu wa Muyama wafanye nini?

Walifanya walichofundishwa na mama zao. Walikuja.

Mwezi huo ulikuwa mbaya tayari. Kutoka Burundi watu walikuwa wanamiminika, mabasi na malori yanapita Kasulu yamejaa wanawake na magodoro kwenda Nyarugusu, na kambini vibali vya kutoka vikasimamishwa. Furaha alipiga simu asubuhi ya tamasha. "Mwalimu, non, wamefunga. Hatutoki hata mmoja." Simu niliipokea mimi, kwa sababu Mwalimu alikuwa haishiki tena simu. Nilimwandikia kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki yangu ya kushonea: Besi hawaji. Alisoma, akakifuta kwa kiganja, akasema, "Tutaimba bila sakafu."

Alasiri kanisa lilijaa, na mbele kabisa, mabenchi ya kwanza, walikuwa wamekaa watu wa Muyama. Wanawake wamefunga khanga viunoni. Mlangoni wamepanga ndizi, maharage, kuni, mzigo kamili wa msiba. Walikuwa wametembea toka alfajiri. Walipomwona Mwalimu anatoka sakristia amebana nota zake kwapani, mzima, nilidhani watafurahi. Ndugu yangu, hawakufurahi. Shemeji yake alimtazama vile mtu anavyomtazama aliyemtania vibaya. Mtu amelia njia nzima kwa ajili yako, amekusamehe njiani, maana nilisikia baadaye kwamba alikuwa amemsamehe, halafu anakukuta unapanga viti.

Tulianza. Mwalimu ametugeukia sisi, mgongo kwa watu. Kipande cha kwanza kilikwenda, chembamba lakini kilikwenda. Cha pili, wanawake wa Muyama wakaanza kulia. Si kulia kwa uchungu sijui wa muziki. Walipiga kilio cha msiba, kwa sauti, kwa sababu wimbo wa msiba huitikiwa hivyo na wao ndicho walichojia, na machozi ya njia nzima hayarudi ndani. Vijana nyuma wakacheka, wakatoa simu. Sisi tukaanza kushuka. Bila besi hakuna pa kushika, na kile kilio kilikuwa na toni yake, kikatuvuta. Tulikuwa kwenye kipande cha tatu, tumeshashuka nusu toni nzima, shemeji aliposimama. Akainua mkono, vilevile, kabisa vile Mwalimu alivyouinua siku ile kaburini.

"Simameni," alisema. "Huyu mtu yuko hai. Dhambi gani hii?"

Tulisimama. Sauti moja baada ya nyingine, soprano wakiwa wa mwisho. Kanisa likawa kimya hata ndizi ungesikia zikiiva. Na Mwalimu akaendelea. Mkono wake wa kulia unapiga mpigo, wa kushoto unatuita alto tuingie, uso umetulia, macho ameyafumba. Alikuwa ameyafumba asikie vizuri ile nusu iliyobaki, kumbe nayo ilikwisha kwenda. Alipiga mpigo hivyo mbele ya midomo iliyofungwa, na kanisa zima likaona, na hapo ndipo Kasulu yote ilipojua kwamba mwalimu wa kwaya ni kiziwi. Mama Tereza akaangua kilio. Ni mimi niliyetoka mstarini nikaushika mkono wa Mwalimu nikaushusha. Ulikuwa wa moto.

Paroko alituombea utulivu, akasema tuendelee na vijana. Nestori akawasha kinanda. Niseme ukweli, nyimbo zake zilipokelewa vizuri mno, watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, jioni ile kwao ilikuwa tamasha zuri na wanaikumbuka hivyo. Wimbo wa Furaha haukuimbwa. Hauimbiki bila besi. Watu wa Muyama waliondoka na ndizi zao. Waliona si halali kumwachia mtu chakula cha msiba wake naye anakula.

Baada ya hapo alikaa ndani. Kwaya akapewa Nestori, na mimi sina neno na Nestori, ni kijana mwema, anaheshimu watu. Tukashona sare mpya. Mazoezi yakawa mafupi na ya kuchekesha, watu waliofukuzwa zamani wakarudi. Misa ya Wafu hakuna aliyeitaja tena.

Nilikwenda kumwona mwaka ukielekea kuisha, mvua zimeanza. Nilimpelekea koti nililomgeuzia kola. Alikuwa amekonda, amekaa karibu na moto jikoni na ile skafu shingoni, na kahawa yake nje haijapogolewa. Nikamwamkia kwa kupiga magoti kidogo ili aone. "Mwakeye, Fundi," akaniamkia kwa Kiha kwa sauti kubwa, maana alikuwa hajisikii. Aliniuliza maswali akinitazama mdomo.

"Siku ile tulifika wapi?"

"Cha tatu, Mwalimu. Katikati."

"Mlikuwa mmeshuka?"

"Tulishuka."

"Kiasi gani?"

Wangekuwepo wengine wangemdanganya. Nilimwonyesha kwa vidole, nusu. Akaitikia kwa kichwa, akachochea moto.

"Na yule binti?"

Nikamwambia Furaha ameondoka. Familia yao ilikuwa kwenye mpango wa kuhamishiwa ng'ambo, jina likatoka, wakapanda ndege. Ilibidi niseme mara mbili, halafu nifanye ndege kwa mkono. Akainuka, akaleta karatasi ya Furaha, nakala aliyoiandika upya mwenyewe kwa herufi kubwa. Akaitazama kutoka juu hadi chini kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"Si vibaya," alisema. "Nilitaka kumwambia baada ya tamasha."

Nilikasirika na nikaumia kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Ungemwambia siku ile ile, baba." Sidhani aliupata mdomo wangu, kulikuwa na moshi. Akatia mkono mfukoni akanipa kile chuma chake. Akasema kwake kimekuwa kijiko tu, nikae nacho.

Alikufa kabla ya Krismasi. Katekista wa Muyama alisoma tangazo, na safari hii lilikuwa la kweli, lakini watu wa Muyama hawakuja. Shemeji alituma salamu fupi, kwamba wao walishalia. Makaburini tulikuwa wachache, kwaya na majirani, Bi Zainabu amesimama mbali kidogo na mwavuli. Alizikwa kama alivyozika, na hilo nalo sikulisikia kutoka kwa mtu, nililiona.

Kinanda kilibaki kanisani kwa sababu ya mvua. Nestori alitupa sauti kwa mdomo, tukaanza wimbo wa kawaida wa kuzikia, ule ule alioimbiwa mke wake. Jeneza likaingia kwenye kamba. Ubeti wa pili wale wa tena wakaanza kushuka. Nilijikaza, nikashika sauti yangu peke yangu, nikaona wenzangu wa alto wananiangalia kana kwamba ninayekosea ni mimi. Nikafungua mkoba, nikatoa chuma, nikakigonga gotini, nikakiweka sikioni. Tulikuwa tumeshuka, tena zaidi ya nusu. Nilimtazama Nestori, nikamtazama paroko, nikawatazama vijana wanaoteremsha kamba bila kutetemeka. Hakuna aliyetusimamisha. Jeneza likafika chini, na mimi nikashuka nikaimba pamoja na wenzangu mpaka mwisho.